Kichwa cha Kwanza

Kiganja chake kilipotua kichwani mwa mteja, kinyozi aliganda.

Kichwa kilikuwa na joto. Miaka yote aliyojifungia katika chumba kimoja nyumbani kwa dada yake, sonona imemlaza chali, hakuwa amemgusa mtu. Hata chakula kiliachwa mlangoni. Sasa, chini ya vidole vyake, mshipa wa mtu mwingine ulikuwa unadunda.

Mashine ilinguruma bure. Mwenye saluni, aliyemwambia, "Nyoa huyu mmoja nikuone, ndipo tuongee kazi," aliacha kutafuna karanga zake.

"Vipi fundi," mteja akamwuliza kupitia kioo, "unakipigia bei kichwa changu?"

Benchi zima la wateja waliosubiri zamu likaangua kicheko. Kinyozi akatamani aweke mashine chini, arudi kule asikoulizwa kitu.

"Mwachie mwenzako amnyoe," mwenye saluni akasema taratibu.

"Hapana, bosi." Sauti ilitoka ikikwaruza. Akakiinamisha kile kichwa kwa vidole viwili. "Tulia hivyohivyo, kaka. Enhe, nyumbani hawajambo?"

"Nyumbani?" Mteja akaguna. "Weee! Shemeji yangu kahamia na mbuzi wake."

"Mbuzi! Hebu anza mwanzo," kinyozi akasema, na mashine ikagusa nywele.