Mkono wa Kushoto wa Shati

Dobi alilinusa shati la mumewe kwa mara ya tatu, na mara zote tatu jibu lilikuwa lile lile: sigara. Si kwenye kola wala kifuani. Mkono wa kushoto tu, kuanzia kiwiko kwenda juu, pale mtu anaposhikwa na mwenzake wakitembea kwa raha zao.

Na haikuwa sigara yoyote tu. Ilikuwa ile ya mnanaa, anayovuta mpiga pasi wake.

Kunusa kulikuwa sehemu ya kazi. Kwa dobi huyu nguo haikuingia kwenye beseni kabla haijapita puani, ndipo ajue ailoweke na nini. Kwa pua hiyo alishajua mteja yupi amerudia pombe na yupi ana nyumba ya pili. Siri za watu alizifua na kuzianika bila kusema neno. Lakini hii ilikuwa ya nyumbani kwake, na roho ilimuuma vibaya.

Mpiga pasi alikuwa mwanamke mwepesi wa kucheka, na hakuna shati lililotoka mikononi mwake na mkunjo. Hilo halikumsaidia. Meza yake iliwekwa mlangoni ili upepo umpitie kwanza. Kikombe chake kilitundikwa kwenye msumari wa peke yake, mbali na vya wenzake. Akitoka kuvuta nyuma ya kamba za nguo, wafuaji walianza kujipepea kabla hajafika. "Mwanamke mzima na sigara," walisema, naye akisikia. Alicheka tu, akashika pasi yake.

Aliyekaa naye akazungumza alikuwa mmoja, mume wa dobi. Alimpelekea chai, akamwita shemeji, wakanong'onezana na kucheka.

"Mnacheka nini pale?" dobi alimuuliza siku moja.

"Mambo ya pasi tu, mke wangu."

Tangu lini pasi ikachekesha watu? Siku hiyo dobi hakula.

Akaenda kwa mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi nao chumba cha uani. Huyo ndiye aliyemfundisha kuichukia sigara. Aliwahi kumkuta kaka yake dobi na kipisi, akamchapa mtaa mzima ukishuhudia. Mama wa msimamo. Hata sasa, pamoja na goti lake bovu, alifua nguo zake mwenyewe wakati bintiye ni dobi. "Sijafikia kufuliwa," alisema, na beseni lake halikuguswa na mtu.

Kila Jumatatu na Alhamisi jioni mkwewe alimsindikiza zahanati kwenye mazoezi ya goti. Na shati lilinuka siku hizo hizo. Hesabu gani tena hapo? Anamwacha mama kwenye benchi, anapita kwa yule.

"Mama, niambie ukweli. Akishakufikisha, huwa anakwenda wapi?"

Mama alihamisha karafuu kutoka shavu hili kwenda lile. Jino lilikuwa likimsumbua tangu mwaka uliopita. "Haendi popote. Niko naye mwanzo mpaka mwisho."

"Usimfichie, mama."

"Mkwe wangu hana mwanamke. Muache mtoto wa watu."

Dobi alitoka akimwonea huruma. Masikini mama, naye kadanganywa, na bado anamtetea.

Asubuhi yake alimwita mpiga pasi mbele ya wote. "Mashuka ya nyumba ya wageni yamerudishwa. Yananuka sigara."

Ulikuwa uongo wa mchana kweupe. Mashuka yalikuwa rafuni nyuma yake, yananukia sabuni. Lakini wafuaji walitikisa vichwa kukubali, na mmoja akasema afadhali, sasa watapumua.

"Kwa hiyo kosa langu ni moshi, dada?"

"Ni moshi. Na hayo mengine unayajua."

Mpiga pasi alitazama uani. Mama wa dobi alikuwa kwenye kigoda anashona kifungo, na hakuinua uso. Mpiga pasi alimtazama kitambo, kisha akamgeukia dobi.

"Sigara navuta, sikatai. Hayo mengine siyajui."

Alichukua kikombe chake pale msumarini, akaenda zake. Usiku ule dobi alilala usingizi mzuri.

Alhamisi, shati likanuka tena. Pale pale, mkono wa kushoto.

Kumbe bado wanaonana! Dobi alikaa chini kwenye nguo chafu za watu, akalia kwa hasira. Jumatatu aliwaacha wafike kona, akawafuata mbali. Zahanati benchi lilikuwa tupu.

"Wa mazoezi ya goti wako wapi?" alimuuliza mlinzi.

"Mazoezi? Hatuna mazoezi hapa, dada."

Basi hata mama kamtupa mahali. Dobi aliifuata harufu ya mnanaa mpaka nyuma ya jengo, akamwona mumewe amempa mgongo karibu na tangi la maji. Mkono wa mwanamke ulikuwa umeushika mkono wake wa kushoto, barabara. Mwenyewe amezibwa na tangi, moshi unapanda juu yake taratibu. Dobi alivua ndala moja, akaiinua.

"Malizia basi, mama," mumewe alikuwa akisema. "Hiyo ndiyo ya mwisho kati ya zile alizokununulia shemeji."

"Alifukuzwa nikimwona, na mimi nashona kifungo," mama yake dobi alijibu, akikohoa. "Lakini ningesema ni mimi, baba, kikombe changu angekitundika wapi?"