Jino la Kocha

Kocha alipomwona mke wangu mlangoni mwa ukumbi wa kikapu, alipuliza filimbi. Wasichana wote waliokuja kujaribiwa wakasimama, binti yetu akiwa katikati yao.

"Kumbe ni wako! Nikasema hicho kiwiko nilikiona wapi."

"Dada, ile ilikuwa fainali," mke wangu akasema. "Tulikuwa tunacheza."

"Wewe ulicheza. Mimi mpaka leo natafuna upande mmoja."

Akamgeukia binti. "Nafasi imebaki moja. Ukinipita, ni yako."

Binti akadundisha mpira, akimtazama mama yake.

Kocha akachomoa jino lake la bandia, likiwa na mate, akaliweka kiganjani mwa mke wangu.

"Nishikie," akasema. "Haya njoo, mtoto wa nyoka."