Tundu la Mtakatifu Baliatoni

Mama Birikta alikuwa amelala kifudifudi juu ya kaburi la mwanawe, kifua kimeziba tundu dogo lililokuwa kwenye jiwe lake. Hakuna katika umati aliyethubutu kumgusa. Shemasi Kresensi alisimama pembeni na fundi mwashi, ndoo ya chokaa katikati yao.

"Inuka, mama. Askofu ameshaamua. Kulisha wafu ni mambo ya wapagani."

"Nyie jioni mtakula. Yeye je?"

"Watakatifu hawali, mama yangu."

"Ulimzaa wewe?"

Umati ukacheka, kisha ukaona aibu. Huyu hakuwa bibi wa kuchezewa. Enzi za Kaisari wa zamani, askari walipopanda milima ya Numidia kulazimisha watu waifukizie miungu ubani, kijana wake Baliatoni alikataa. Walimuua, alisema mama, naye akamzika peke yake ndani ya pango hili, akalifunika kwa jiwe. Sasa Kaisari mwenyewe alikuwa Mkristo, na watu walikuja kutoka mbali kumwomba Baliatoni. Vitambaa walivyoshusha tunduni kwa kamba vilipanda na unyevu, vinanuka jasho, na vipofu walijipangusia macho kwavyo. Birikta, aliyekuwa mjane muuza vitunguu, sasa alikaa mbele kabisa kanisani, na wake za matajiri walimbusu mkono. Aliupenda sana ule mkono wake.

Kila siku alimimina maji na uji mwepesi. "Hapendi uliopoa," aliwaambia waliomshangaa, nao wakalia kwa huruma.

"Mniachie tundu tu," alisihi sasa. "Akikosa chakula atakufa."

"Alishakufa, mama," shemasi alisema kwa upole.

Wanaume wawili wakamwinua. Fundi akamwaga chokaa, akailainisha kwa mwiko. Yowe alilopiga yule mama liliwatia watu hofu hata wakashuka kilima haraka, wakiimba ili wasilisikie.

Alipobaki peke yake, Birikta alichomoa pini ya nywele, akaidunga kwenye chokaa mbichi, akakoroga na kuchokonoa mpaka tundu likafunguka. Akainama, akatega sikio.

"Mama," sauti ya kiume iliuliza kutoka chini, imekauka. "Nimesikia watu wengi. Askari bado wapo?"

Huko bondeni watu walikuwa wakiliimba jina la Baliatoni. Birikta akavuta chungu cha uji karibu.

"Bado wapo, mwanangu."