Mpaka Mfupa Uvunjike

Katika ligi ya watoto ya hoki ya barafu, mwamuzi alikuwa mtambo, nao ulipuliza filimbi pale tu mfupa ulipovunjika. Baada ya mechi, Kwamboka alimkanda bintiye Moraa mgongo uliovimba, huku akifoka.

"Yule msichana amekubamiza ukutani makusudi, na mtambo umenyamaza! Wana roho gani hawa watu? Huchezi tena!"

"Lakini sikuvunjika, Mama. Si faulo," Moraa alijibu kwa upole. "Na mechi ijayo ni zamu yangu. Kocha ametuonyesha. Ukimpiga mtu hapa, anaumia sana, lakini filimbi hailii."

Akamgusa mama yake ubavuni. Kwamboka aliacha kumkanda. Kidole cha mtoto kilikuwa bado kinapapasa, kikitafuta mahali penyewe.