Sura ya Salome Iliuzwa Pamoja na Kituo

Kampuni ya uwekezaji iliponunua vituo vyote vya televisheni vya mikoani, ilinunua na sura za watangazaji. Salome Ngonyani wa Songea akarudishwa nyumbani, huku sura na sauti yake, zikiendeshwa na kompyuta, zikiendelea kusoma habari kila jioni.

"Baba Tekla, mto umefurika! Maji yamefika bandani kwa kuku!" alimwambia mumewe akihema.

"Hebu nyamaza kidogo, mke wangu, nakusikiliza," mumewe akajibu, macho kwenye televisheni.

"Huyo si mimi!"

"Mbona yeye anasema Songea ni shwari?"

Maji yakapenya chini ya mlango. Mumewe akapandisha miguu kwenye kochi, akaongeza sauti. Salome akamtazama yule mwanamke anayetabasamu bila kupepesa macho, akajikuta naye anatamani kumwamini.