Jina kwenye Kitufe cha Tatu

Sampla yangu kuukuu, mashine ya kuchezea vipande vya sauti, hubeba sekunde kumi tu, kwa hiyo huwa nakata bila huruma. Mama mmoja wa Kimaasai, kutoka kijiji cha Arash, alileta studioni kwangu, hapa Karatu, wimbo wa harusi uliorekodiwa kwa simu. Nikatupa makofi, nikatupa vigelegele, nikabakiza sauti yake mwenyewe ikiita: "Lemayian!"

Nikaiweka kwenye kitufe cha tatu, nikaibonyeza mara nne, kwa mpigo.

Shanga zake zikalia. Alikuwa amesimama.

"Ni mwanangu. Tulimzika masika. Kwetu marehemu hatajwi jina."

Kidole kikaniganda juu ya kitufe. "Nisamehe, yeyo," nikamwita mama kwa lugha yao. "Naifuta."

Akaenda mlangoni, akachungulia barabarani, akafunga komeo. Akarudi, akajifunika shuka kichwani.

"Mimi siruhusiwi kumwita," akasema. "Bonyeza."