Msuko wa Mke wa Daktari

"Kata," Frieda alisema, na mkasi ukaanza kuutafuna msuko wake karibu na shingo.

Tangu ujanani aliigiza mke wa daktari katika tamthilia ya televisheni ya Ujerumani. Hata alipopanda jukwaani, watu walikuja kuutazama msuko ule wa rangi ya shaba uliomfika kiunoni. Aliomba mhusika yule afe, watayarishaji wakakataa. Mkataba ulimkataza kukata nywele.

Leo, akiwa Brussels kwa onyesho la jioni, aliingia saluni moja ya Matonge, mtaa wa Wakongo. Alizaliwa misheni, huko Lubumbashi, kwa hiyo alizungumza na msusi kwa Kiswahili.

Msuko ulikatika. Shingo ilipigwa na baridi. Kwenye kioo alimwona mwanamke asiyemjua, akacheka.

"Utupe."

"Hapana, maman. Nywele ya muntu hatutupake." Msusi aliuinua msuko. Alikuwa ameufunga kwa uzi juu na chini kabla ya kuukata. "Bazungu banakata, kisha banalia. Usiogope. Ndani ya une heure, saa moja tu, nitaishona perruque, nywele ya kuvaa, hakuna muntu atajua."

Mlango ulifunguliwa. Meneja wa Frieda, aliyekuwa akimtafuta barabara nzima ya Wavre, alisimama akikitazama kichwa chake.

Msusi, kwa kumwonea Frieda huruma, alirudia maneno yale ya perruque kwa Kifaransa.

Meneja hakukasirika. Aliugusa msuko, akavuta kiti, akaketi kusubiri wigi.